Jinsi ya kupima umri wa mnyoo wa bahari kuu ukiwa Nairobi, na hina na rula tu

Juzi niliingia duka moja la vitambaa Eastleigh na nyanya wa ploti yetu, mzaliwa wa Lamu, na dada aliyekuwa anatuhudumia akitandaza leso mezani nyanya akaziangalia kucha zake. Zilikuwa nusu nyekundu nusu nyeupe, hina imebaki upande wa ncha, upande wa nyama kumeshatoka kucha mpya. Nyanya akasema, "Hongera mwanangu, harusi ina miezi miwili sasa, au nimekosea?" Dada akaduwaa, akasema miwili na wiki moja.

Nyanya hakuuliza mtu tarehe. Aliona rangi iliwekwa siku moja, akaona kilichoota baada ya hiyo siku, na anajua kucha inaenda kwa kasi gani, basi. Sasa mbinu hiyohiyo, bila kubadilisha kitu, ndio wanasayansi walitumia kujua kuna mnyoo chini ya bahari anaishi zaidi ya miaka 200. Hawakusoma popote, walimpaka rangi wakaondoka wakarudi kupima. Na mimi Jumamosi huwa nakaa na watoto wa ploti hapa Pangani tunafanya sayansi ya mikono, hii tumeifanya mara mbili sasa, na ndio naandika venye inafanywa ili na wewe ufanye na wako.

Kwanza umjue unayempima. Anaitwa Lamellibrachia luymesi, anakaa Ghuba ya Meksiko, zaidi ya nusu kilomita chini ya maji, mahali panaitwa mivujo baridi, yaani gesi ya methani na mafuta yanavuja polepole kutoka kwa sakafu ya bahari. Baridi hapo si ati ni barafu, ni vile tu maji yana joto sawa na maji mengine ya kina hicho, tofauti na zile chemchemi moto za chini ya bahari. Huyu mnyoo ni wa ukoo mmoja na nyungunyungu wa shamba lako lakini hana mdomo, hana tumbo la chakula, hana njia ya choo. Anaishi ndani ya mrija mgumu anaoutengeneza mwenyewe, na juu ya mrija anatoa kitu chekundu kama unyoya. Wanaota kwa mafungu, mamia pamoja, ukiona picha utadhani ni kichaka.

Huo mrija ndio kucha yetu. Anaurefusha kwa kuongeza upande wa juu. Kwa hivyo watafiti walishuka na nyambizi ndogo, wakaipaka mirija rangi ya buluu pale pale ilipo, wakaiacha kama mwaka, wakarudi. Kilichokuwa cha buluu ni cha zamani, kile cheupe juu yake ndicho kimeota tangu wapake. Unapima cheupe na rula. Mwaka 2000 Bergquist, Williams na Fisher wakachapisha hesabu yao: mnyoo huyu kufika urefu wa mita 2 anachukua kati ya miaka 170 na 250.

Sasa twende kwa mikono.

Utahitaji hina ya kawaida ile ya unga, ndimu, rula yenye milimita, daftari, simu ya kupiga picha, na wiki nne za subira. Hina nyekundu peke yake, tafadhali, usiweke piko. Ile nyeusi huwa inachanganywa na dawa ya kupaka nywele na inaweza kumchoma mtoto ngozi vibaya, malengelenge kabisa, na anaweza kubaki na mzio wa hiyo dawa maisha yake yote. Kama unanunua dukani na muuzaji anakuambia hii inashika kwa dakika kumi na inatoka nyeusi tii, rudisha. Hina halisi inataka muda.

Mara ya kwanza mimi nilitumia rangi ya kucha ya chupa, nikidhani ni rahisi. Kwa wiki moja watoto watatu kati ya saba walikuwa wameshaibandua yote, manake wanaosha vyombo, wanacheza mchanga, wanang'ata. Data ikaenda. Hina haibanduki, yenyewe inaingia ndani ya kucha, itaondoka tu ikikatwa, na hicho ndicho unachotaka kwa alama. Hata wale wa baharini ilibidi watafute rangi inayoshika mrija na kukaa mwaka mzima ndani ya maji ya chumvi.

Changanya unga na maji ya uvuguvugu na ndimu kidogo mpaka iwe nzito kama ugali mwepesi wa mtoto, iache masaa kadhaa, alafu paka kucha zote za mkono mmoja na kidole gumba cha mguu mmoja. Hakikisha hina imefika mpaka kwa nyama, pale kucha inapotokea, usiache nafasi. Funga na kitambaa mtoto alale nayo. Asubuhi bandua, osha, piga picha kila kidole na rula ikiwa imelala kando ya kucha. Andika tarehe. Hiyo tarehe ndio roho ya kazi yote, ukiipoteza umebaki na mapambo.

Alafu unasubiri. Hapa watoto wanachoka, wiki ya kwanza hakuna cha maana kinachoonekana, ni kamstari tu. Nawaambia wale watafiti walisubiri mwaka, na walikuwa hawawezi hata kuchungulia.

Wiki nne zikiisha pima kutoka pale kucha inatokea kwa nyama mpaka pale wekundu unaanza. Si kutoka kwa ncha! Mwaka jana binti wa jirani alirudi kutoka shule analia, mwalimu wa zamu amepitisha ukaguzi wa kucha Jumatatu akamkata zote, akaona majaribio yake yameharibika. Nikamwonyesha: ncha ndiyo imekatwa, ukingo wa hina bado uko pale pale na mzizi uko pale pale, kwa hivyo kipimo chake hakijaguswa hata kidogo. Alitulia hapo hapo akaenda kuleta rula. Na ukiweza mfanye aone tofauti moja: kucha inaota kutoka kwa mzizi kwa hivyo mpya iko chini ya rangi, mnyoo anaongeza juu kwa hivyo mpya iko juu ya rangi. Hesabu ni ileile.

Kucha imejikunja, rula haikai sawa, kwa hivyo kata kikaratasi chembamba, kilaze juu ya kucha, weka alama mbili na kalamu iliyochongoka, alafu pima karatasi. Apime mtu mmoja mara mbili bila kuangalia alichoandika kwanza. Ukipata 3 na 3 vizuri, ukipata 3 na 4 pima ya tatu.

Kwetu kidole cha kati kilitoa milimita 3 kwa watoto wengi, kidole kidogo kilikuwa nyuma kidogo, na gumba la mguu halikufika hata 2, tuliandika moja na nusu. Usikimbilie kutafuta wastani. Waache wabishane kwanza kwa nini vidole vya mtu mmoja, damu moja, chakula kimoja, haviendi sawa, manake minyoo pia hawaendi sawa, kuna walioongeza sana mwaka huo na kuna ambao hawakuongeza kitu cha kuonekana, na wako kichaka kimoja.

Sasa hesabu. Wiki nne zinaingia kwa mwaka mara 13, kwa hivyo milimita 3 mara 13 ni 39 kwa mwaka. Mnyoo wetu ana mita 2, yaani milimita 2000. Gawa 2000 kwa 39 unapata kama miaka 51. Yaani kucha ya kidole cha kati ingekuwa haikatwi wala haivunjiki ingefika mita 2 kwa miaka 51. Mnyoo anachukua 170 mpaka 250. Gumba la mguu lenye milimita moja na nusu linahitaji kama miaka 103, na bado linamshinda mnyoo mbali. Rudi nyuma ugawe, 2000 kwa 170 ni milimita 11.8 kwa mwaka, 2000 kwa 250 ni milimita 8. Kwa hizo wiki nne zako za hina mnyoo kwa wastani hajafikisha hata milimita moja. Hapo watoto huwa wananyamaza, wanaangalia kucha zao.

Lakini hapa kuna mtego na usiupite, ndio sehemu naipenda kuliko zote. Kile tumefanya sasa hivi, kugawa urefu wote kwa kasi moja, ni makosa kwa mnyoo. Mdogo anakua haraka, mkubwa anakua polepole. Ukimpima mzee ukachukua kasi yake ya leo ukaigawia urefu wote utampa miaka ambayo hajaishi, ukichukua kasi ya mtoto utamnyang'anya miaka yake. Kwa hivyo unamkata vipande. Hizi namba ni zangu za kufundishia tu, nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi: sema sentimita 50 za kwanza anaongeza 4 kwa mwaka, 50 zinazofuata anaongeza 2, zinazofuata 1, za mwisho nusu. Kipande cha kwanza ni miaka 12 na nusu, cha pili 25, cha tatu 50, cha nne 100. Jumla 187 na nusu. Mtu angechukua nusu sentimita peke yake angesema mnyoo ana miaka 400, na angechukua 4 angesema ana 50. Mnyoo ni yuleyule, rula ni ileile.

Ndio maana watafiti walipaka wengi wa kila saizi, wadogo kwa wakubwa, wakatafuta kasi ya kila saizi, alafu wakajumlisha kutoka utotoni mpaka mita 2. Na ndio maana jibu lao ni kati ya 170 na 250, si namba moja. Mtoto akiuliza kwa nini hawasemi moja tu, mrudishe kwa daftari lake aangalie vidole vyake vitano.

Mwaka 2017 Alanna Durkin, Charles Fisher na Erik Cordes wakafanya hivyo kwa ndugu yake anayeitwa Escarpia laminata, yeye anakaa chini zaidi, kati ya mita 1000 na 3300, na wakapata wengine wamepita miaka 300. Hebu jipe picha. Mnyoo wa miaka 300 aliyepimwa 2017 alizaliwa 1717, Wareno walikuwa wameshanyang'anywa Fort Jesus 1698, wakarudi Mombasa 1728 yeye akiwa na miaka 11. Kuna viumbe wamempita, kuna chaza mmoja wa Iceland alihesabiwa mistari ya ganda akapatikana na miaka 507, lakini chaza ana mistari kama mti. Mnyoo hana mstari wa kuhesabu, bila rangi hujui kitu.

Mtoto lazima atauliza anakula nini kama hana mdomo, kwa hivyo ujiandae. Ndani ya mwili wake kuna mfuko umejaa bakteria, na hao ndio wanaomlisha. Bakteria wanataka oksijeni na wanataka haidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai viza. Ukienda Hell's Gate kule Naivasha karibu na mitambo ya mvuke ya Olkaria harufu inayokupiga ni hiyo, na ukikanyaga matope meusi ya mikoko Mida Creek pia ni hiyo. Unyoya mwekundu unachukua oksijeni kutoka kwa maji. Salfaidi anaichukua chini, manake mrija wake una mkia mrefu mwembamba kama mzizi unaozama ndani ya matope. Wekundu ni hemoglobini, kama damu yetu, ila yake inabeba oksijeni na salfaidi kwa pamoja bila kugombana, wakati sisi hiyo gesi inatuzima seli zisitumie oksijeni. Na hapa sitanii: usimpeleke mtoto kunusa shimo la choo au tangi la maji taka ili aelewe somo. Gesi ikiwa nyingi pua inaacha kuisikia, na watu wanakufa humo wakifuatana kuokoana. Yai moja bovu kwa gazeti, nje, linatosha.

Salfaidi yenyewe inatengenezwa na vijidudu vingine ndani ya matope, vinavyokula methani na mafuta kwa kutumia salfeti, chumvi ya salfa iliyo ndani ya maji ya bahari. Na mnyoo, baada ya bakteria wake kutumia salfaidi, anabaki na salfeti kama taka, anaishusha kupitia mizizi inarudi kwa matope, vile vijidudu vinaitumia tena vinamtolea salfaidi nyingine. Ni kama mfugaji wa Kiambu anayerudisha samadi kwa nepia, nepia ikue irudi kwa ng'ombe. Mvujo wenyewe unaendelea mamia ya miaka bila kukatika, kwa hivyo hana sababu ya kukimbia.

Mlinganishe na binamu yake wa chemchemi moto, Riftia pachyptila, aliyeonekana mara ya kwanza 1977 karibu na Galápagos watu wakishuka na nyambizi ya Alvin. Chemchemi moto inaweza kuzimika ghafla au volkeno imfunike, basi yeye anakimbizana na muda, amepimwa akiongeza zaidi ya sentimita 85 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya milimita 2 kwa siku, wiki zako nne za hina yeye ameongeza sentimita 6. Siri ya bakteria iligunduliwa kupitia yeye. Mwanafunzi wa Harvard, Colleen Cavanaugh, alikuwa amekaa anamsikiliza Meredith Jones wa makumbusho ya Smithsonian akieleza kwamba ndani ya mnyoo kuna chembe za salfa, akasimama akasema lazima kuna bakteria humo, na 1981 ikachapishwa. Hii huwa nawaambia watoto wangu wanaoogopa kuinua mkono darasani.

Kipande cha mwisho ni ukanda wa karatasi. Gundisha karatasi mpaka zifike mita 2 na nusu, bandika kwa ukuta wa koridoo. Chora mrija wa sentimita 200, sema alifika hapo mwaka 2000, na tumia zile namba zangu nne. Mwanzo wa mrija, sifuri, unaangukia karibu 1812, enzi za Vita vya Shela kule Lamu, na hapo nyanya yetu huwa anaanza kusimulia na somo linasimama nusu saa, mwache. Sentimita 50 ni 1825. Sentimita 100 ni 1850. Reli inafika Nairobi 1899, weka alama sentimita 149. Uhuru 1963, sentimita 182. Kutoka uhuru mpaka mwaka 2000, serikali zote hizo, barabara zote hizo, mtu anazaliwa anapata wajukuu, ni sentimita 18 tu, ni kama simu moja na kidogo. Mwambie mtoto aweke simu hapo kwa ukuta aone mwenyewe.

Baada ya 200 endelea kuongeza milimita 5 kwa kila mwaka mpaka mwaka huu, kila mtoto aandike jina lake kwa mwaka aliozaliwa. Wa kwetu wengi wameangukia ndani ya upana wa vidole viwili, wanasukumana kupata nafasi ya kuandika. Tumia kalamu iliyochongoka sana, na uache karatasi tupu juu, manake Desemba mnarudi na rula.